Jiwe la Kilo 10: Kumbukumbu ya Baba Yangu

Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Halmashauri ilinipa kazi ya kusema maneno machache juu ya wazee waliotutangulia, ambao bila jasho lao Chama hiki kisingalifika siku ya leo. Nalijaribu kuwataja wote, nikaona kwamba kila mmoja angepata neno moja tu, na neno moja halimtoshi mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Basi nikaomba ruhusa niseme habari za mzee mmoja ninayemjua kuliko wengine, yaani marehemu baba yangu. Simchagui kwa kuwa aliwapita wenzake. Wako wazee waliotoa mengi kuliko yeye. Namchagua kwa sababu hesabu yake naijua yote, ya mapato na ya matumizi, na mwenyewe asingependa mtu amsifu kwa kusoma upande mmoja wa daftari.

Baba alizaliwa mwaka 1946 katika kihamba kile kile alichozikwa, juu huku mlimani, mahali ambapo migomba huifunika kahawa kwa kivuli na maji ya mfereji hupita nyuma ya nyumba. Babu alikuwa mkulima wa kahawa wa zamani. Yeye ndiye aliyewasimulia wanawe jinsi wakulima wa Kilimanjaro walivyojiunga mara ya kwanza mwaka 1925 ili kuilinda kahawa yao na kuiuza pamoja, na jinsi KNCU ilivyokuja baadaye, mwaka 1933. Kwa hiyo baba alilisikia neno ushirika tangu utotoni, kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura na fisi. Alisoma mpaka darasa la nane. Kisha akarudi shambani, akamwoa mama yetu mwaka 1970, nao wakajaliwa watoto sita, mimi nikiwa kitinda mimba.

Kazi yake ilikuwa kahawa. Wengi wenu mwaijua kazi hiyo, walakini vijana wetu waliozaliwa mjini yafaa waambiwe. Kahawa huchumwa punje kwa punje, iliyo nyekundu peke yake. Ikichumwa mbichi pamoja na mbivu, mnunuzi huijua kwa kuionja kikombeni. Jioni ile ile humenywa kwa mashine ya mkono, maana ikilala na ganda lake jekundu huharibika. Huachwa ichachuke, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja, na kila siku hugeuzwa kwa mkono na kufunikwa mvua inapokuja. Kilo tano hata sita za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa ya maganda. Baba alikuwa akituambia, “Kila kilo mnayoiona mizanini, mama yenu ameibeba mara sita.” Hilo alilisema mara nyingi, na hapana budi mlikumbuke, kwa maana nitalirudia.

Kwa miaka mingi alikuwa mpima mizani wa chama cha msingi cha kijijini. Alikuwa na jiwe jeusi la mtoni, lililofungwa waya wa kulining'iniza. Siku moja mkaguzi wa vipimo alipokuja, baba alimwomba alipime jiwe lile, nalo likagongwagongwa pembeni mpaka likawa kilo 10 kamili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya kupokea kahawa, kabla gunia la kwanza halijapandishwa, baba alilitundika jiwe mizanini mbele ya watu wote. Mshale ukisimama kwenye 10, kazi huanza. Ukisimama penginepo, hurekebisha mizani kwanza, hata kama watu wamesimama juani na wananung'unika. Nalikuwa mtoto mdogo, nikamwuliza kwa nini anawachelewesha watu kwa ajili ya jiwe. Alinijibu kwamba mtu anayechelewa saa moja hurudi nyumbani amechoka, bali mtu anayepunjwa nusu kilo hurudi nyumbani ameibiwa, tena hajui.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu kwa miaka isiyopungua ishirini. Sisi Walutheri hukuita kusanyiko la waumini usharika, na jambo hili lilimfurahisha sana baba. Alikuwa akisema kwamba usharika na ushirika ni ndugu wa tumbo moja, wote wamezaliwa na neno kushiriki, na ya kuwa mtu hawezi kuwa mwaminifu katika kimoja akawa mwizi katika kingine. Jumapili ya mavuno, watu walipoleta ndizi, mahindi, mayai na kuku, na mnada ukafanyika nje ya kanisa, yeye ndiye aliyeandika kila senti. Kabla ya watu kutawanyika alisimama juu ya ngazi akaisoma jumla kwa sauti kubwa, ili hata bibi kizee asiyejua kusoma aende nyumbani akijua yai lake limeleta nini.

Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila jioni tulikaa jikoni, mama akipika mtori au ndizi, naye akatusomea sura moja ya Biblia, tukaimba wimbo mmoja katika kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, akaomba kwa maneno machache. Katika maombi yake alitutaja sisi sote kwa majina, na baada yetu akawataja watu aliokuwa na deni nao. Nalidhani wababa wote huomba hivyo. Nilipokuwa mtu mzima nikajua sivyo.

Ndugu wanachama, sasa naja kwenye jambo ambalo wazee wa hapa walijua na vijana hawajui. Mama yu hapa leo, naye ameniruhusu kulisema.

Mnajua kwamba ushirika wa nchi hii umepita katika mabonde. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika; baba alikuwa na miaka 30. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja mpaka vijijini. Ilipofika mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilikuwa chini mno, na watu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Baba hakung'oa. Katika miaka hiyo ya shida, wanachama wa chama chake cha msingi walimtoa kwenye mizani wakamfanya mweka hazina, kwa sababu ya lile jiwe.

Mwaka 2006 malipo ya pili ya kahawa yalifika benki, shilingi 2,340,000, mali ya wanachama 61. Hundi ilihitaji saini mbili. Siku hiyo baba alikuwa na safari ya mazishi ya jamaa yake, na mwenzake akamwomba atie saini mapema, kiasi cha fedha kitaandikwa baadaye, ili watu wasicheleweshwe. Baba akatia saini. Mtu aliyewachelewesha watu miaka yote kwa ajili ya jiwe, siku ile aliogopa kuwachelewesha. Fedha zilitolewa zote, na yule mwenzake hakuonekana tena. Simtaji jina lake, maana watoto wake wamo miongoni mwetu nao hawana hatia.

Mkutano uliitishwa chini ya mti, mbele ya ghala. Nami nalikuwapo, nimemaliza kidato cha nne mwaka huo. Watu wengine walimtetea baba wakasema kwamba yeye hakula hata senti moja, na mwenye kosa atafutwe. Baba akasimama. Hakusema maneno mengi. Alisema, “Saini ni yangu. Aliyeiba ameiba, walakini mlango nalimfungulia mimi. Nitalipa.” Kisha akaketi.

Akalipa. Mwaka 2007 aliuza ng'ombe wa maziwa, akapata shilingi 450,000. Akakata miti ya mbao iliyopandwa na babu, akapata shilingi 690,000. Zilizobaki, shilingi 1,200,000, alizilipa kwa kahawa ya misimu mitatu, kila mwaka shilingi 400,000, mpaka mwaka 2009. Kila mwanachama alipokea haki yake akatia saini au dole gumba.

Mkiisikia habari hii leo, mnapiga makofi moyoni. Hata mimi ningepiga, kama ingekuwa habari ya baba wa mtu mwingine. Lakini nalichaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya mbali. Palitakiwa ada, nauli, godoro na vitabu. Baba aliniita jioni moja akaniambia kwamba fedha hazipo. Nikamwambia kwamba zipo, ila amezigawa kwa watu. Hakujibu. Nami asubuhi nikachukua mfuko wangu nikashuka Arusha, nikabeba mizigo sokoni, kisha nikawa mwuza duka wa mtu. Kwa miaka miwili sikumwandikia baba hata barua moja, wala sikumpigia simu.

Na si mimi peke yangu niliyeumia. Yule ng'ombe alikuwa wa mama. Mama ndiye aliyemnunua angali ndama kwa fedha za ndizi alizouza sokoni, na maziwa yake ndiyo yaliyotuvisha sare za shule. Baba alimuuza bila kumwuliza. Mama hakupiga kelele, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mbele ya watu waliokuwa wakimsifu. Lakini alimwambia usiku, nasi watoto tulisikia: “Baba wa watoto, umewalipa watu 61 kwa mali ya mtu wa 62.”

Neno hilo lilimshika. Kesho yake alimwomba mama msamaha, na Jumapili akaenda kwa wazee wenzake wa kanisa, akawaeleza kwamba amelipa deni kwa kukopa nyumbani bila idhini, akawaomba wamshuhudie ya kuwa atalirudisha na deni hilo pia. Nadhani hapo ndipo alipokuwa Mkristo kuliko siku ile ya chini ya mti. Kukiri mbele ya umati unaokupenda si kazi ngumu sana. Kukiri mbele ya mke wako, ambaye anajua kila kitu, ndiyo kazi.

Mwaka 2009 mama aliniletea salamu kwamba kahawa imeiva na mikono haitoshi. Nikarudi, si kwa ajili ya baba bali kwa ajili ya mama. Nilimkuta baba amekonda, mvi zimemjaa. Tulichuma kahawa siku tatu bila kusemezana ila habari za kazi. Siku ya nne jioni, tulipokuwa tukizungusha mashine ya kumenya, aliniambia, “Nalikufanyia deni, mwanangu. Sina cha kukulipa. Lakini nataka ujue kwamba nimeliandika.” Nami sikujua maana ya kusema ameliandika. Nikanyamaza, nikaendelea kuzungusha mashine.

Tangu msimu huo alianza kunifundisha vitabu vya chama: daftari la mapokezi, daftari la fedha, stakabadhi, na jinsi ya kulinganisha kile kilichopo sandukuni na kile kilichoandikwa. Nikawa karani, kisha nikasomea kozi fupi ya uhasibu wa vyama. Mwaka 2011 baba alileta mtamba nyumbani, akaiweka kamba mkononi mwa mama mbele ya wazee wawili wa kanisa, akasema, “Huyu si zawadi.” Mama akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka na baba tangu mwaka ule.

Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, tulianza kufikiri kuviunganisha vyama vyetu vya msingi vichache viwe na Chama Kikuu, ili tukusanye kahawa pamoja na kuipeleka mnadani Moshi kwa jina letu. Wazee waligawana vitongoji, wakaenda nyumba kwa nyumba. Mtakumbuka wenyewe mlivyotujibu. “Ushirika gani tena? Tuliwekwa, tukavunjwa, tukarudishwa, tukaibiwa. Hapana, mzee, asante.” Baba alikuwa na miaka karibu 70 na goti lake lilikuwa bovu. Mimi nalifuatana naye. Nalitaka awaambie watu faida: bei, mbolea, miche mipya ya Lyamungu isiyoshikwa upesi na chulebuni na kutu ya majani. Naye aliyasema hayo, walakini mwishoni. Kwanza, katika kila nyumba, aliketi akasema: “Mimi ndiye niliyetia saini hundi isiyoandikwa kiasi. Nataka tuwe na chama ambamo mtu kama mimi hawezi kufanya hivyo tena.”

Nalikuwa nikiona haya. Nikamwambia njiani, “Baba, unawatisha watu.” Akanijibu, “Watu wamekwisha kutishika. Sasa wanataka kujua kama sisi tunajua wanachokiogopa.” Ndugu zangu, wengi wenu mlioketi hapa mlijiunga mwaka 2015 baada ya kuisikia aibu ya baba yangu kuliko baada ya kuzisikia faida zangu.

Kanuni nne za Chama hiki zilitoka katika aibu hiyo. Hundi haitiwi saini kabla kiasi hakijaandikwa. Saini ni tatu, si mbili. Mizani hupimwa kila asubuhi mbele ya wanachama. Na kila baada ya malipo, hesabu husomwa kwa sauti, jina kwa jina, kama siku ya mavuno nje ya kanisa. Mara nyingine nasikia vijana wakilalamika kwamba twapoteza saa nzima kusoma majina. Nawaelewa, kwa kuwa nami nalilalamika juu ya jiwe.

Baba alilala katika Bwana mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, kahawa ikiwa vichanjani. Aliugua wiki chache tu. Siku yake ya mwisho alimwuliza mama kama kahawa imegeuzwa; mama akamwambia imegeuzwa; akaomba tuimbe, tukaimba, naye akafuata kwa midomo bila sauti. Tulimzika kihambani, kando ya babu.

Baada ya matanga kwisha, mama alinipa daftari dogo la baba la madeni. Nikalifungua. Mwanzoni palikuwa na majina ya wale wanachama 61, na mbele ya kila jina kiasi, tarehe, na saini ya aliyepokea. Ukurasa uliofuata palikuwa na jina la mama: “Ng'ombe mmoja. Amelipwa mtamba, 2011,” na saini ya mama. Chini yake palikuwa na jina langu. Palikuwa pameandikwa: “Kidato cha tano na cha sita.” Mahali pa tarehe palikuwa patupu. Mahali pa saini palikuwa patupu.

Sitawaambia uongo, wanachama wenzangu. Hata leo sidhani kwamba ilikuwa haki mtoto alipe kosa la baba. Wako wenzangu niliosoma nao ambao leo ni waalimu na waganga, nami nikiwaona huwaza. Deni lile lilikuwa deni kweli, na baba alifanya vema kuliita kwa jina lake. Angeweza kusema kwamba mtoto hana haki ya kumdai baba. Wengi husema hivyo. Yeye aliniandika katika daftari lile lile, kwa mwandiko ule ule, kama mwanachama aliyeleta kahawa yake akasubiri malipo.

Nalikaa na daftari lile muda mrefu. Halafu nikafikiri: nani aliyenifundisha vitabu? Nani aliyeniombea kwa jina kila jioni katika miaka miwili niliyokataa kumpigia simu? Mama aliniambia kwamba hakuruka jina langu hata usiku mmoja. Kwa desturi ya baba, anayeandika kwamba deni limelipwa si mdaiwa, ni yule aliyepokea. Basi nikachukua kalamu, nikaandika tarehe ya siku ile, nikaandika, “Nimepokea,” nikatia saini yangu.

Bwana Mwenyekiti, jiwe la kilo 10 liko ofisini kwetu, juu ya meza karibu na mlango. Msimu unaokuja tutakuwa na mizani mpya, na watu wameniuliza kama jiwe bado litahitajika. Nawajibu kwamba hata mizani mpya yahitaji shahidi. Ninaiomba Halmashauri ijayo, na Katibu yeyote atakayekalia kiti changu, asubuhi ya kwanza ya kupokea kahawa alitundike jiwe lile mbele ya watu, angoje mshale usimame, ndipo aite gunia la kwanza. Na tukumbuke kwamba kila kilo itakayopanda pale, mama fulani ameibeba mara sita.

Mungu awapumzishe wazee wetu wote waliotangulia, naye aibariki kazi ya mikono yenu.